Kuminga wa Goma: timu inayojijenga upya ingemfaa?

Tangu mwezi wa saba, ujumbe unaoingia kwenye simu ya redio yetu juu ya michezo ni ule ule. Watu hawaulizi tena sana habari za Mazembe wala za Vita Club. Wanauliza: Kuminga anaenda wapi? Msikilizaji mmoja wa Ndosho ameandika mara tatu katika juma moja, na mara ya tatu akaongeza: "Mwandishi, kama hujui, sema tu kwamba hujui, tulale."

Basi nianze na yale yanayojulikana. Jonathan Kuminga alizaliwa hapa Goma tarehe 6 Oktoba 2002. Mkubwa yeyote wa mji huu anaukumbuka mwaka huo bila kusukumwa: tarehe 17 Januari Nyiragongo ilipasuka, moto wa volkano ukapita katikati ya mji, ukafunika nyumba, maduka, hata sehemu ya uwanja wa ndege, kisha ukaingia ziwani. Kuminga ni mtoto wa mwaka ule. Alikwenda Marekani mwaka 2016 akiwa bado mtoto, akasomea huko sekondari, na badala ya kuingia chuo kikuu akachezea Ignite, timu ambayo NBA yenyewe iliianzisha kwa ajili ya vijana wanaongojea kuchaguliwa. Tarehe 29 Julai 2021 Golden State Warriors wakamchukua, namba saba. Mkataba wake wa kwanza wa miaka minne umeisha mwaka huu, na leo ninapoandika, mwezi wa nane 2025, hajatia sahihi mwingine.

Hayuko huru kabisa. Sheria yao inasema timu nyingine ikimpa mkataba, Golden State wana haki ya kusema "sisi pia tunalipa bei hiyo hiyo" na kubaki naye. Njia nyingine ni akubali mkataba wa mwaka mmoja wa karibu dola milioni 8, avumilie, kisha mwaka kesho aondoke bila kuomba ruhusa kwa mtu. Kwetu hizo ni pesa za kutengeneza barabara ya Sake. Kwao, kwa mchezaji wa kiwango chake, ni pesa ndogo. Magazeti ya Marekani yanataja Sacramento na Phoenix kuwa ndizo zinamtaka, na zote mbili ni timu ambazo nyumba yao imebomoka na sasa zinatafuta matofali.

Hapo ndipo swali la zamani linarudi. Mwaka 2021 nusu ya vijana wa basketi wa mji huu walikuwa wanasema: aende kwenye timu inayojijenga upya, atacheza kila siku, atakuwa mfalme. Nusu nyingine walisema: aende kwa wakubwa, akajifunze. Miaka minne imepita na bado wanabishana, safari hii na ushahidi mkononi, kila mmoja na wake.

Kwa wale ambao hawafuati mchezo huu, nieleze kwanza timu inayojijenga upya ni nini. Katika NBA timu mbovu haishuki daraja kama katika mpira wetu wa miguu. Kinyume chake, inapewa dawa. Timu 14 zilizokosa mtoano zinaingia katika bahati nasibu, na zile tatu za mwisho kabisa zina nafasi sawa, 14 kwa mia kila moja, ya kupata haki ya kuchagua kijana wa kwanza. Kwa hiyo timu ikiona haiwezi kuwa bingwa, inaweza kuuza wakubwa wake wote, kukusanya vijana na haki za kuchagua, na kukubali kupigwa miaka miwili, mitatu, hata mitano. Mashabiki wanaambiwa wavumilie. Orlando walifanya hivyo kwa siku moja: tarehe 25 Machi 2021 walimpeleka Vučević Chicago, Fournier Boston, na Gordon Denver. Jioni wachezaji wao watatu wakubwa walikuwa wameondoka.

Orlando hao hao walikuwa na namba tano na namba nane katika uchaguzi ule wa 2021. Watu wengi walidhani Kuminga ataitwa kwenye namba tano. Wakamwita Jalen Suggs. Namba sita, Oklahoma City, nao wakiwa katika kujenga upya, wakamwita Josh Giddey. Namba saba ilikuwa ya Minnesota, timu nyingine dhaifu, lakini Minnesota walikuwa wameitoa kwa Golden State mwezi wa pili 2020, pamoja na Andrew Wiggins, ili wampate D'Angelo Russell. Ndiyo namna mtoto wa Goma alivyoruka timu zote zinazojenga akatua kwa watu waliokuwa wamecheza fainali tano mfululizo kuanzia 2015 hadi 2019. Huku kwetu ilikuwa usiku mkubwa, inaelekea saa tisa. Ilikuwa imepita miezi miwili tu tangu volkano ya tarehe 22 Mei 2021, watu wa Buhene wengine bado wanalala chini ya shitingi. Asubuhi nilipoisoma habari ile redioni nilipewa dakika mbili, na nikaona watu wa moto wamesimamisha pikipiki kando ya barabara ili wasikie vizuri.

Sasa, jambo moja ambalo si siri ila watu hawalisemi. Kuminga si Mkongomani wa kwanza kuchaguliwa namba saba. Bismack Biyombo wa Lubumbashi alichaguliwa namba saba mwaka 2011. Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kinshasa, namba saba mwaka 2015. Watatu, namba ile ile. Wawili wa kwanza waliingia katika timu zinazojijenga upya, wa tatu hapana. Kama unataka kujua kipi kinamfaa mtoto, anza na hao.

Biyombo alikuwa na miaka 18 siku ya kuchaguliwa. Miezi michache nyuma alikuwa ameshangaza watu kule Portland, katika mchezo wa vijana wa dunia dhidi ya vijana wa Marekani: pointi 12, mipira 11 aliyonyakua, mitupo 10 aliyozuia. Haijawahi kutokea mbele yake katika mchezo ule. Sacramento walimwita, wakampeleka Charlotte siku ile ile. Charlotte wakati ule iliitwa Bobcats na ilikuwa imeanza kubomoa. Msimu ule ulichelewa kwa sababu ya ugomvi wa mikataba kati ya wenye timu na wachezaji, mechi zikawa 66 tu. Charlotte walishinda 7, wakapoteza 59. Katika historia nzima ya NBA hakuna timu iliyomaliza na wastani mbaya kuliko huo. Mechi 23 za mwisho walipoteza zote.

Fikiria kijana anayejua kazi moja, kulinda kapu, na bado anajifunza nyingine zote, anawekwa katika nyumba ambayo inapigwa kila usiku. Mwaka wa kwanza kocha ni mmoja, wa pili mwingine, wa tatu mwingine tena. Kila mmoja anakuja na lugha yake. Biyombo alipata dakika, ndiyo. Lakini nani alikuwa amefundisha mikono yake kupokea pasi? Alikaa Charlotte miaka minne, watu wakaanza kusema kwamba ni mchezaji wa kawaida tu. Kisha mwaka 2015 akaenda Toronto, timu iliyokamilika, akakaa kwenye benchi nyuma ya Valančiūnas, na mwezi wa tano 2016, katika mtoano dhidi ya Cleveland ya LeBron James, akanyakua mipira 26 katika mechi moja. Majira yale Orlando wakampa mkataba wa dola milioni 72 kwa miaka minne. Mtu yule yule, mikono ile ile. Kilichobadilika ni watu waliomzunguka. (Na kwa wale wanaosema wachezaji wetu wakifika kule wanatusahau: mwaka 2022 huyu Biyombo alitoa mshahara wake wa Phoenix, zaidi ya dola milioni moja, kwa ajili ya hospitali nchini kwa jina la baba yake. Niliona ni vizuri kukumbusha.)

Habari ya Mudiay inaniumiza zaidi, labda kwa sababu ya kazi yangu. Familia yake ilikimbia vita ya Kongo. Mama alitangulia kutafuta hifadhi Marekani, watoto wakabaki wanangojea, mwaka 2001 wakamfuata Texas. Mama yeyote anayesoma haya kutoka kwenye nyumba ya watu waliompokea anajua kungojea huko ni nini. Mtoto akakua, akacheza China, na Denver wakamchukua mwaka 2015. Denver ilikuwa imeshinda mechi 30 na kupoteza 52, ina kocha mpya, inaanza upya. Wakampa mpira mkononi siku ya kwanza, na miaka 19 yake. Alipata pointi karibu 13 kila mechi na pasi zaidi ya tano. Alipoteza pia mipira mingi na mitupo mingi, kama kijana yeyote wa miaka 19 anayepewa usukani wa lori.

Lakini Denver haikuwa inamjenga Mudiay. Ilikuwa inajijenga yenyewe. Msimu ule ule alikuja Nikola Jokić, ambaye hakuna aliyemtilia maanani, na mwaka uliofuata wakamchagua Jamal Murray, naye namba saba. Nyumba ikaanza kusimama juu ya hao wawili. Mwezi wa pili 2018 Mudiay akapelekwa New York. Mwaka 2023 Denver wakawa mabingwa. Mudiay, ambaye ni mkubwa kwa Murray kwa mwaka mmoja hivi, alikuwa hayupo tena katika NBA. Ukitazama mafundi wanaojenga nyumba ya ghorofa pale mjini, wanasimamisha kwanza miti ya kupandia. Bila miti ile ukuta haupandi. Nyumba ikiisha, miti inashushwa, na hakuna anayeuliza imepelekwa wapi.

Mzee mmoja ambaye alifundisha basketi hapa tangu wakati wa Zaïre akiisikia hoja hii ananijibu kwa jina moja: Mutombo. Ana haki. Dikembe Mutombo, marehemu wetu aliyetuacha tarehe 30 Septemba 2024, aliingia Denver mwaka 1991 katika timu iliyokuwa imepoteza mechi 62. Mwaka wa kwanza tu akaitwa kwenye mchezo wa nyota. Mwaka 1994 Denver ya Mutombo, iliyokuwa ya nane katika kundi lake, ikaitoa Seattle iliyokuwa ya kwanza, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Sawa. Lakini Mutombo alifika akiwa na miaka 25. Alikuwa amepita mikononi mwa John Thompson kule Georgetown, alikuwa mtu mzima, anajua kazi yake. Alikuwa fundi aliyekwisha kujifunza, akiletwa kwenye kiwanja cha ujenzi. Kuminga alikuwa na miaka 18. Neno ni moja, "kijana aliyechaguliwa", watu ni wawili tofauti.

Nizungumze kidogo juu yangu, kwa sababu nimepita katika kitu kinachofanana na hiki, bila milioni. Redio ya kwanza niliyofanyia kazi ilikuwa inaanza upya. Vita ilikuwa imepita pale, mitambo imechukuliwa, waandishi wazoefu wamehamia Kampala na Kinshasa. Nilikuwa nimetoka tu kwenye masomo ya uandishi. Wakanipa habari za asubuhi, michezo, matangazo ya vifo, na kipindi cha kilimo, mimi ambaye sijawahi kushika jembe kwa zaidi ya saa moja. Sauti yangu ilijulikana upesi. Sokoni mama wa ndizi walikuwa wananiita kwa jina. Lakini katika miezi kumi na minne hakuna mtu hata mmoja aliyekaa karibu nami na kuniambia: sentensi hii haifai, habari hii haina chanzo. Hapakuwa na mtu wa kufanya hivyo. Baadaye nikapata nafasi katika redio kubwa zaidi, na mwaka mzima kazi yangu ilikuwa kumbebea mzee mmoja kinasa sauti. Jina langu halikusikika hewani. Nyumbani waliniuliza kama nimefukuzwa. Yule mzee ndiye aliyenifundisha kazi, na mengi alinifundisha kwa kunitazama tu na kunyamaza.

Ndiyo maana sikuwahi kulia kwamba Kuminga anakaa kwenye benchi. Mwaka wake wa kwanza alicheza kama dakika 17 kila mechi, akafunga pointi 9 na kidogo. Mwenzake wa Ignite, Jalen Green, aliyechaguliwa namba mbili na Houston, alicheza dakika 32 na kufunga pointi 17. Houston walipoteza mechi 62. Golden State wakawa mabingwa tarehe 16 Juni 2022, na kijana wa Goma akavaa pete akiwa na miaka 19. Katika mtoano dhidi ya Memphis kocha Steve Kerr alimpanga hata kuanza. Alikuwa anafanya mazoezi kila siku na Curry, Green yule mwingine, Iguodala. Hakuna pesa inayonunua shule hiyo.

Watu wa upande wa pili wananiambia: na miaka mitatu iliyofuata? Hapo wana neno. Benchi ni shule, lakini shule ina mwaka wa kumaliza. Golden State walitaka vitu viwili kwa wakati mmoja: kushinda na wazee, na kuwalea watoto ili wakae mahali pa wazee. Havikukaa pamoja. James Wiseman, waliyemchagua namba mbili mwaka 2020, wakamtoa mwezi wa pili 2023. Kuminga msimu wa 2023-2024 alifika pointi 16 kila mechi, tukasema sasa ameiva. Mwezi wa kwanza wa msimu ule magazeti yalikuwa yameandika kwamba hana imani tena na kocha. Wakasikilizana. Kisha mwezi wa pili 2025 wakamleta Jimmy Butler, mchezaji mkubwa wa nafasi ile ile, na mlango ukafungwa. Mechi ya mwisho ya msimu hakuingia hata dakika moja. Mechi iliyofuata, dhidi ya Memphis, pia hakuingia. Na mara Curry alipoumia katika mtoano dhidi ya Minnesota, wakamkumbuka, akafunga pointi 30 katika mechi ya tatu. Kijana anayewekwa ndani ya kabati na kutolewa siku mgeni akija, sijui tena tunaita nini hiyo, lakini si kufundishwa.

Huyo Wiseman ana somo lake pia, kwa wale wanaofikiri dakika peke yake zinaponya. Alikwenda Detroit, timu iliyokuwa inajijenga upya kuliko zote, dakika zikawepo. Msimu wa 2023-2024 Detroit walipoteza mechi 28 mfululizo. Hakupona.

Mwezi wa sita mama mmoja wa Masisi alikuja kunitafuta kwenye redio. Alikuwa amekaa Bulengo hadi kambi zilipovunjwa Februari mwaka huu, na sasa yuko kwa familia inayompokea upande wa Mugunga, watu kumi na mmoja katika vyumba viwili. Mtoto wake ana miaka 16, urefu karibu mita mbili, anacheza na viatu vya kuazima. Klabu mbili zinamtaka. Ya kwanza vita imeitawanya, wachezaji wake wengine wako Nairobi, wengine Bukavu, wengine hakuna anayejua, na sasa inaanza upya na watoto. Wamemwambia mwanawe ataanza kila mechi na atapewa franka 5000 za usafiri kwa juma. Ya pili si klabu hasa. Ni yule mzee wa wakati wa Zaïre na kiwanja chake cha mawe meusi, mazoezi saa kumi na mbili asubuhi, hakuna franka hata moja, na mtoto asipoleta matokeo ya shule haingii. "Mwandishi," akaniuliza, "wewe unayesema habari za hao wa Marekani, wangu aende wapi?"

Nilimwambia aulize mambo mawili kwa ile klabu. Katika miaka mitatu wamebadilisha kocha mara ngapi? Na mchezaji mkubwa kuliko wote pale ana miaka mingapi? Akarudi baada ya siku nne. Makocha wanne. Mkubwa kuliko wote ana miaka 19. Nikamwambia basi, umepata jibu. Akanitazama kama vile yule mzee wa kinasa sauti alivyokuwa ananitazama. "Baba," akasema, "mafundisho hayapikwi." Franka 5000 ni unga wa siku mbili kwa watoto wake. Mtoto ameenda kwenye ile klabu. Tulisikilizana kwamba Jumamosi asubuhi, ambapo klabu haina mazoezi, atakwenda kwa mzee, na mzee amekubali, baada ya kunung'unika kwanza kama kawaida yake.

Sioni cha kumlaumu mama yule. Lakini ninaona kwamba swali lake na la Kuminga si moja, hata kama tunayasema kwa maneno yale yale. Kuminga anaweza kungoja mwaka mmoja na milioni 8. Mtoto wa Mugunga hawezi kungoja juma moja. Ukiwa na njaa, timu inayokuita leo ndiyo inayokufaa, na wenye timu wanajua hivyo. Ndiyo maana niseme hapa kwa wazazi wote wanaonisoma: hakuna klabu ya NBA inayomwomba mzazi dola 100 za fomu. Mtu akikuambia mtoto wako ameandikwa kwa drafti na unatakiwa kulipa, mfunge mlango. Mchezaji wa nje haruhusiwi kuchaguliwa kama hatimizi miaka 19 katika mwaka ule, na kwa hiyo wanataka karatasi za kuzaliwa zilizo safi. Wengi wetu karatasi zimebaki Kitshanga, Rutshuru, zimeungua. Kabla ya kutafuta wakala, tafuteni cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kazi hiyo inachosha kuliko basketi.

Nirudi kwa Phoenix na Sacramento, kwa sababu msikilizaji wa Ndosho anangojea.

Mwaka 2021 mimi ningemweka Golden State, na leo bado ningemweka pale. Ningemtoa mwaka 2024. Sasa karibu ana miaka 23, ana pete, amejifunza alichoweza kujifunza akiwa amekaa. Timu inayojijenga upya sasa inamfaa, kwa sababu anaingia kama Mutombo alivyoingia, siyo kama Mudiay. Lakini si timu yoyote. Phoenix wamempata Jalen Green, mwenzake wa zamani, katika biashara iliyompeleka Kevin Durant Houston. Wanaye pia Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyezaliwa Rumbek na kukulia Kawempe, Kampala, mtoto wa familia ya wakimbizi, aliyecheza Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17 na kuchaguliwa namba kumi mwezi wa sita. Watoto wa wakimbizi wa hapa wangefurahi sana kuona hao watatu wakicheza pamoja. Mimi pia ningefurahi. Ila hesabu yangu ya makocha inanizuia: msimu ujao Phoenix watakuwa na kocha wa nne katika misimu minne. Na usiku ule ule walipompata Maluach, walimnunua pia Mark Williams, mtu wa nafasi ile ile. Mtoto huyo ndiye ninayemhofia sasa, kuliko Kuminga.

Sacramento wana matatizo yao. Walimfukuza kocha katikati ya msimu, wakamwachia De'Aaron Fox aende San Antonio, na ukitazama orodha yao hujui kama wanajenga au wanapaka rangi tu. Lakini wana nafasi kweli katika sehemu anayocheza, na wana watu wazima kama Sabonis na DeRozan ambao wamecheza miaka mingi na wanajua mpira unapaswa kupita wapi. Kijana anayejua kukimbia na kuruka anahitaji mtu wa kumpa pasi kabla hajaiomba. Ningekuwa ndugu yake ningemwambia aende huko, hata kwa bei ya chini kidogo. Wenzangu wa redio wananicheka, wanasema hakuna mtu mwenye akili anayeacha Golden State kwa ajili ya Sacramento. Hawajawahi kubeba kinasa sauti cha mtu mwingine hadi mwaka wa nne.

Tarehe ya mwisho ya kukubali ule mkataba wa mwaka mmoja ni 1 Oktoba. Siku tano baadaye atatimiza miaka 23. Atakapotia sahihi, popote pale, tutasema kwenye habari za saa moja asubuhi, na msikilizaji wa Ndosho asiandike tena kabla ya hapo, anamaliza unite zake bure.